Damu ya Berthe Iliitwa Shahidi

OPERETA: Nchelenge, usiweke chini! Lubumbashi njo hii inaingia, inapitia Ndola. Semeni kwa nguvu, laini ni mubaya leo.

CHOLA: Haloo, Lubumbashi! Nani iko kule? Ni wewe, Camille?

BERTHE: Mulishani, ba Chola.

CHOLA: Bwino, bwino. Wewe njo nani? Opereta amesema citoyenne Ngalula wa kwa Camille anatafuta mimi. Mimi simujue Ngalula. Uko bibi ya Camille? Basi mwambie chumvi imeniishia, samaki inaanza kunuka hapa, na ile lori yake—

BERTHE: Camille haiko hapa. Nilitumika na jina yake tu. Nilijua ukisikia jina ya mununuzi ya samaki utakuja mbio, sabuni ingali kwa masikio. Ukisikia jina yangu, ungejificha kwa matete.

CHOLA: Jina yako gani?

BERTHE: Serikali ya huku imekataza majina ya kizungu. Kwa hospitali bameniandika jina ya nkambo yangu, Ngalula. Lakini wewe miaka yote ulilala na Berthe.

[Laini inakwaruza. Nyuma ya Chola, bantu ba posta banabishana.]

CHOLA: ...Berthe.

BERTHE: Njo mimi.

CHOLA: Berthe, bantu ni wengi hapa. Mustari ya posta inafika mpaka inje. Sema mbio. Unatafuta nini kwangu tena?

BERTHE: Neno moja. Niko na mimba.

CHOLA: Uko na nini?

BERTHE: Mimba! Nilale kwa simu nilie ndiyo usikie? Mimba. Ilikuwa tayari ndani siku ile ulinifukuza, ukanisukuma kwa mutumbwi nivuke, mimi mwenyewe sikuijua. Hesabu, uko na vidole. Asubuhi hii docteur ameweka sikio kwa tumbo. Moyo ya mutoto imeanza kuchoka. Anataka kunipasula leo, amutoe angali anapumua. Lakini soeur, mutawa mwenye kulinda sale ya kupasulia, anasema muke mwenye bwana hapasulwe bila neno ya bwana. Njo sharia yabo. Kwa simu inatosha. Yeye iko pale kwa mulango, nikimwita anakuja. Unasema: mimi ni bwana yake, mutoto ni yangu, mumupasule. Kiisha unarudi kwa samaki yako. Nimwite?

CHOLA: Ngoja kwanza. Ngoja. Wewe Berthe unajua ginsi gani ya kushitukiza mutu. Mwezi inapita, mwezi inapita, hakuna habari, leo mimba. Tena mimba ya nani?

BERTHE: Nilijua utauliza.

CHOLA: Sasa niulize nini? Niulize hali ya hewa? Mutu hajui mambo yetu atafikiri mimi ni mutu mubaya. Batoto batatu, Berthe. Batatu bote balitoka bamekufa. Tulienda kliniki, mimi na wewe, tukatoa damu siku moja, sindano moja ya namna moja. Yangu safi. Yako kaswende. Mimi ni mujinga? Kaswende inatoka kwa mawe?

BERTHE: Haikuwa kaswende.

CHOLA: Ulipigwa pikiri, sindano juu ya sindano, mpaka ukashindwa kukaa chini—

BERTHE: Nakumbuka kukaa kwangu, asante.

CHOLA: —ukapimwa tena, ukiwa na mimba ya tatu. Kaswende ile ile! Dawa ilikuwa imeifukuza. Nani aliirudisha? Mimi niko safi. Basi ulirudi kwa yule aliyekupa. Hata mutoto ya masomo ya kwanza anafanya hesabu ile.

BERTHE: Hesabu ilikuwa nzuri. Chupa njo ilidanganya. Chola, nisikilize sasa, na nyamazisha bale bantu.

CHOLA: Mwe bantu! Nyamazeni! Nasema na Lubumbashi!

[Kicheko kwa nyuma. Mutu anakohoa.]

BERTHE: Nilifika huku na muguu imevimba kama shina ya ndizi. Docteur hakuuliza kama nililala na nani. Njo mutu wa kwanza hakuniuliza. Aliuliza: muguu hii inauma tangu lini? Nikasema tangu mimba ya kwanza, maumivu inakuja inaenda. Alitoa damu, akaituma Bruxelles. Kule banapima na kidudu chenyewe cha kaswende, kingali kizima. Chola, damu yangu haikukijua kile kidudu. Haijakutana nacho hata siku moja.

CHOLA: Bruxelles. Unanipeleka Bruxelles sasa.

BERTHE: Kliniki zote banapima kaswende na mafuta. Mafuta inatoka kwa moyo ya ng'ombe. Mwenye kaswende, damu yake inashika ile mafuta, basi banajua—

CHOLA: Moyo ya nini?

BERTHE: Ya ng'ombe.

CHOLA: [anacheka] Ba Bwembya, sikieni! Anasema balimupima na moyo ya ng'ombe! Berthe, ule dokota yako aliacha lini kazi ya kuuza nyama?

[Bantu banacheka kwa nyuma.]

BERTHE: Nani umemwita? Bwembya? Bwembya, muzee wa korti, iko pale?

CHOLA: Iko hapa nyuma yangu. Tulikuja pamoja. Endelea, endelea na ng'ombe yako.

BERTHE: Cheka. Cheka muzuri, nangoja.

CHOLA: Nimeisha.

BERTHE: Kila mutu iko na askari ndani ya damu. Banaita anticorps. Ugonjwa ukiingia, askari banaukamata. Kwangu mimi askari balimugeukia mwenye nyumba. Kuko mafuta kwa ngozi ya kila punje ya damu, kwako iko, kwa Bwembya iko. Askari zangu banaiona ile mafuta kama adui, banaishika. Na pale banaposhika, damu inaganda, ndani ya mushipa, mutu angali anatembea.

CHOLA: Askari anapiga mwenye nyumba. Ulisikia wapi?

BERTHE: Wewe unaishi kando ya mupaka, unaniuliza mimi?

CHOLA: Endelea.

BERTHE: Docteur anasema ajabu yake ni hii: ukitia damu yangu kwa chupa, inakawia kuganda, unaweza kufikiri ni damu nyepesi. Ndani ya mwili inaganda ovyo. Iliganda kwa muguu. Na kwa kondo, pale mutoto anakulia, mishipa ni midogo kama nyuzi. Inazibika. Chakula haipite, pumzi haipite. Batoto yetu balikufa njaa, Chola, ndani ya mama mwenye kula. Hapana kwa uzinzi. Hapana kwa ncila yenu.

CHOLA: Usichezee ncila. Muke akitoka inje na mimba, mutoto anafia ndani. Bankambo balijua kabla ya Bruxelles.

BERTHE: Na bwana akitoka inje?

CHOLA: Unasema?

BERTHE: Ule muke ya Mununga, mwenye kukausha samaki, wewe uliishi kwake musimu nzima ya kufunga uvuvi. Nikiwa na mimba ya pili. Ncila ilikuwa imelala siku zile?

CHOLA: [sauti chini] Bantu banasikia, Berthe.

BERTHE: Banasikia wewe, habanisikie mimi. Usiogope. Wewe damu yako ilikuwa safi, si ndiyo? Ya mwanaume ikiwa safi inakuwa hakimu. Ya mwanamuke inakuwa shahidi, na hakuna aliyemuuliza shahidi kama anasema uongo.

CHOLA: Na kaswende? Hujasema kaswende ilitoka wapi.

BERTHE: Nimesema! Askari zangu banashika mafuta yote ya namna ile. Habaulize ni ya Berthe ao ni ya ng'ombe. Balishika ile ya kwa chupa, kliniki wakaona chupa inasema kaswende. Pikiri zile zote zilikuwa zinatafuta kidudu hakuna. Njo maana nilipopimwa tena ilikuwa vile vile. Ningepigwa pikiri mpaka leo, ingekuwa vile vile. Na ninyi mukasema amerudi kwa bwana yake wa inje.

[Laini inavuma kama upepo kwa chupa.]

CHOLA: Haloo?

BERTHE: Niko.

CHOLA: Sasa... sasa ule dokota anaweza kuokoa huyu?

BERTHE: Hakunidanganya. Anasema bazungu benyewe bado banatafuta. Amenipa vidonge vya kulaza wale askari, na sindano tumboni damu isigande. Mutoto amefika hapa. Bale batatu habakufika hapa. Anapiga teke, Chola. Alipiga teke jana wakati banaimba kwa chapelle. Leo amepunguza. Nimwite soeur?

CHOLA: Ngoja.

BERTHE: Ngoja nini? Mimi na wewe tunasema, yeye anakufa!

CHOLA: Na Fabien? Kama damu yako ilikuwa safi, Fabien aliingia wapi? Mimi sikumutafuta. Jina ilitoka kwa kinywa yako. Nilikuwa inje ya nyumba, nilisikia na masikio yangu.

BERTHE: Ulikuwa unashona wavu.

CHOLA: Ndiyo, nilikuwa—

BERTHE: Nilikuwa naangalia kivuli ya mikono yako chini ya mulango. Inaenda, inarudi. Uchungu ulikuwa umenishika tangu jua ya jana yake. Dada yako Nsama na bale bamama balikaa kando ya ukuta kama bantu banangoja lori. Nikasema, ba Nsama, mutoto anakwama, munisaidie. Akasema: taja kwanza mwanaume yako wa inje. Hatutie mukono kwa muke mwenye kuficha, tutakufa na sisi. Taja. Nikasema hakuna. Akafunga khanga yake, akasema basi tulale. Na mikono yako inaenda, inarudi.

CHOLA: Ni desturi. Si mimi niliitunga.

BERTHE: Ulikuwa na kinywa. Ungesema tu: muguseni.

CHOLA: Uliweza kusema hakuna mpaka mwisho!

BERTHE: Nilikuwa na mutoto kwa mulango ya tumbo! Nilitafuta mutu. Wewe unafikiri ni rahisi? Nilipitisha banaume bote ba Nchelenge kwa kichwa, mumoja mumoja. Huyu watamupiga. Huyu bibi yake ni mukali, atakunywa sumu. Huyu ni mutoto mudogo. Kiisha nikakumbuka Fabien. Mutumbwi yake ilikutwa imepinduka kule njia ya Pweto, tulikula matanga yake sisi bote, wewe ulikula sahani mbili. Nikasema mufu hapigwe. Nikasema Fabien. Nilisema naye nini maisha yangu yote? Nilimuuzia mihogo. Aliniita mama ya mihogo. Basi.

CHOLA: Tena alirudi.

BERTHE: Tena alirudi. Nani angejua? Basoldat ba Pweto balimutoa kwa maji, bakamufunga cachot, wakasema anavusha sukari ya magendo. Walimuacha, akapita Mununga kwa miguu mpaka kwenu. Aliingia kwa soko anacheka, anasema nani amekula matanga yangu, anirudishie kuku. Bantu habakucheka. Nilimuona akiangalia bantu, anatafuta nani atacheka.

CHOLA: Sasa wewe unasema Pweto. Nani alimuona Pweto? Yeye mwenyewe! Labda alikuwa kwa matete ya hapa hapa, wewe unamupelekea sahani ya nshima usiku. Njo bantu banasema. Njo maana mimba ile—

BERTHE: Chola. Unaamini vile?

CHOLA: Bantu banasema.

BERTHE: Nimekuuliza wewe.

[Laini inakwaruza kwa muda.]

OPERETA: Lubumbashi, muda imekwisha. Munaongeza?

BERTHE: Ongeza! Ongeza, papa, usikate, kuko mutoto!

OPERETA: Siko munganga, mama, niko opereta. Haya, semeni.

BERTHE: Chola, Fabien iko wapi sasa? Nilipokuwa kwa mutumbwi alikuwa amelala kwa muchanga, kando ya samaki. Miguu ilikuwa inatikisika.

CHOLA: Alianguka.

BERTHE: Alianguka ginsi gani?

CHOLA: Alianguka. Muchanga ulikuwa na maji. Alianguka kichwa.

BERTHE: Kafi ilikuwa kwa mukono ya nani?

CHOLA: Bandugu yake balimuvusha Kilwa, ngambo ya ziwa. Alilala ubavu moja, hakusema tena. Alikufa ule mwezi imepita. Berthe, bandugu bamevuka. Bamekaa kwa boma tangu juzi, mama yake na bale bakubwa yake, banakula pale, banalala pale. Banataka kesi. Polisi anaandika majina. Unaelewa?

BERTHE: Naelewa. Sasa naelewa kwa nini hutaki niwe safi.

CHOLA: Si vile—

BERTHE: Kama Berthe ni malaya, wewe uko bwana aliyechukuliwa bibi, alipata hasira, korti itakutuma nyumbani na salamu. Kama Berthe ni safi, wewe umeua mutu mwenye kucheka.

CHOLA: Punguza sauti!

BERTHE: Niko Lubumbashi! Punguza masikio yako!

CHOLA: Sikia. Sikia, Berthe, mama. Mimi sikatai mutoto. Nataka mutoto. Unafikiri mimi sina moyo? Bantu bananiita Chola tu, hakuna anayeniita baba ya mutu. Nitasema lile neno. Nitasema na soeur, nitakuja mwenyewe na lori ya Camille, nitakurudisha, Nsama atapiga magoti. Lakini unisaidie na mimi. Ba Bwembya njo huyu, atasimama kwa kesi aseme kile amesikia kwa kinywa yako. Nitamupa simu. Umwambie tu: ndiyo, Fabien alinichukua. Basi. Mara ya pili haiumi. Uliisha kusema mbele ya bamama, sasa ni kurudilia tu. Na yule amekufa kweli kweli, hakuna atakayemupiga tena.

BERTHE: Mama yake iko kwa boma.

CHOLA: Mama yake ni muzee.

BERTHE: Muke yake na batoto bako Kilwa. Batasikia baba yao alikufa sababu ya bibi ya mutu.

CHOLA: Na huyu wa tumboni hatasikia kitu kama atakufa! Chagua. Mimi nasema sasa, nikiweka simu chini sirudi.

[Kengele ya kanisa, mbali, upande ya Lubumbashi.]

BERTHE: Njo mulango ile ile.

CHOLA: Unasema nini?

BERTHE: Umejenga tena ile mulango. Taja kwanza, kiisha tutie mukono.

CHOLA: Ba Bwembya anangoja.

BERTHE: Utasema neno? Nikisema, utasema? Apa kwa bale batatu.

CHOLA: Nitasema.

BERTHE: Kwa bale batatu, Chola.

CHOLA: Naapa kwa bale batatu. Shika, ba Bwembya. Shikeni hivi, kwa sikio. Hapana, geuzeni, hapa njo ya kusema.

BWEMBYA: Haloo? Mwana, ni wewe bibi ya Chola?

BERTHE: Ndiyo, ba Bwembya.

BWEMBYA: Uko muzima huko?

BERTHE: Nangojea kujua.

BWEMBYA: Mm. Mimi siko hapa ya kukutisha. Nataka nisikie toka kwako. Yule Fabien alikuchukua ao hakukuchukua?

[Laini inavuma.]

BWEMBYA: Mwana?

BERTHE: Alinichukua.

BWEMBYA: Zaidi ya mara moja?

BERTHE: Kama munavyotaka.

BWEMBYA: Jibu vizuri.

BERTHE: Zaidi ya mara moja.

BWEMBYA: Na kliniki iliona kaswende, ilitoka kwake?

BERTHE: ...Ndiyo.

BWEMBYA: Na mimba hii, Chola anasema uko na mimba. Nayo ni ya Fabien?

BERTHE: Chola hakusema utaniuliza ile.

BWEMBYA: Ni mimi naiuliza. Kama alikuchukua siku zote, muke hawezi kugawanya tumbo. Ni yake ao si yake? Ukisema si yake, basi na yale mengine nitaona ni uongo, nitasema vile kwa kesi.

BERTHE: Nipe Chola.

BWEMBYA: Jibu kwanza.

BERTHE: Ba Bwembya, mutoto anachoka. Nakuomba kama baba—

BWEMBYA: Jibu kwanza, mwana.

BERTHE: Ni yake.

BWEMBYA: Basi. Mungu akusaidie. Shika, Chola.

CHOLA: Berthe. Asante. Umefanya muzuri, asante sana—

BERTHE: Sasa. Namwita soeur. Usiseme hadithi ndefu, sema kama nilivyokufundisha. Mimi ni bwana yake, mutoto ni yangu, mumupasule. Soeur! Ma soeur, bwana iko—

CHOLA: Ngoja.

BERTHE: Hakuna ngoja tena.

CHOLA: Ngoja, ba Bwembya ananishika mukono. [Maneno ya Kibemba kwa nyuma, chini chini.] Berthe... anasema siwezi.

BERTHE: Huwezi nini?

CHOLA: Anasema nikisema mutoto ni yangu, mbele ya posta yote, bantu batalipeleka lile neno kwa boma. Mama yake Fabien atasimama atasema: mbona Chola amekubali mimba? Basi bibi alikuwa wake, hakuna uzinzi, na ushahidi yako imekufa. Anasema niko ndani ao niko inje, siwezi kuwa pande mbili.

BERTHE: Uliapa.

CHOLA: Niliapa kabla ya kusikia umejibu vile! Ungesema mimba si yake, unaona? Ungejibu vizuri, sasa tungekuwa—

BERTHE: Nilijibu kile alichotaka!

CHOLA: Sasa mimi nifanye nini? Umesema mwenyewe mutoto ni ya mwengine. Mwanaume gani anaita kisu kwa mutoto ya mwengine? Bamwite bandugu ya Fabien baseme lile neno. Bako hapa hapa, kwa boma.

BERTHE: Chola.

CHOLA: Ni korti, Berthe. Si mimi.

BERTHE: Desturi, si wewe. Chupa, si wewe. Muchanga wenye maji, si wewe. Korti, si wewe. Wewe uko wapi siku zote, Chola? Niliolewa na nani?

CHOLA: Kesi ikiisha nitakuja. Nakuambia, kesi ikiisha tu—

BERTHE: Kesi ikiisha.

CHOLA: Wiki mbili, ao tatu. Umwambie dokota akaze vidonge. Akaze zile sindano. Mutoto atavumilia, ni damu yangu, ni nguvu.

BERTHE: Ni damu yako? Sema tena kwa nguvu. Bwembya hakusikia.

CHOLA: Berthe, usinifanyie vile.

[Hatua za mutu upande ya Lubumbashi. Mulango unafunguka.]

BERTHE: Ndiyo, ma soeur. Kuja, niko hapa... Hapana, hapana, si bwana. Ni bandugu ba bwana njo nasema nabo.

CHOLA: Haloo? Berthe, unasema na nani?

BERTHE: Bananipa habari mubaya, ma soeur. Bwana yangu amekufa.

CHOLA: Nini?

BERTHE: Leo. Njo banasema leo... Hapana, silie. Nitalia kiisha. Niko mujane sasa. Mujane hana wa kumusemea, anajisemea mwenyewe, si ndiyo, ma soeur? Basi mimi nasema: munipasule. Mwite docteur. Mwite sasa hivi.

CHOLA: Berthe! Niko muzima! Soeur! Haloo, soeur, usimusikie, mimi ni—

BERTHE: Mulamu, shemeji yangu, asante kwa habari. Mumuzike haraka, kwenu kuko joto.

CHOLA: Niko muzima, mie! Ba Bwembya, ananizika! Bantu bote, ananizika kwa simu! Berthe, ngoja, mupe soeur, nitasema! Nitasema lile neno, mupe—

BERTHE: Shalenipo, mukwai. Bakini muzuri.

[Mulio. Laini inabaki wazi, inavuma.]

CHOLA: Mimi ni bwana yake! Haloo! Mutoto ni yangu! Mumupasule! Munasikia? Mutoto ni yangu!

OPERETA: Nchelenge, Lubumbashi ameweka chini. Unasema na nani?